Mpishi Asiyesimama: Mguu wa Katunge na Kiondo Kisichofungwa Mdomo

Uji umeanza kutoa povu, na Katunge Muindi anatembea.

Wapishi wengine husimama kando ya sufuria hadi uji uive. Yeye hapana. Anakoroga kwa mwiko mrefu unaomfika kifuani, anauegemeza ukutani, anatoa kiondo kwapani na kushika njia. Anayazunguka meko matatu, anatokea mlango wa kuni, anapita kando ya tangi la maji ambako ukungu wa Julai bado umelala juu ya majani, kisha anaingia tena kwa mlango wa bwalo. Muda wote huo vidole vinasuka, na macho wala hayavitazami. Akifika alipoanzia, uji unamngoja. Anakoroga tena.

Dirishani wamejibanza wasichana wawili wa kidato cha nne, sweta za kijani hadi kidevuni. Wamekuja kuota moto kwa kisingizio cha kuulizia kama uji u tayari.

"Mum, leo umefika wapi?" mmoja anauliza.

"Nimepita Katangi kitambo!" Katunge anajibu bila kusimama. "Nikimaliza hii raundi nitakuwa Ekalakala." Kwa utani wao, raundi za jikoni huhesabiwa kama safari ya kwenda vijiji vya mbali.

Wanacheka, naye anawashinda kwa kucheka. Kicheko cha Katunge kinasikika hadi kwenye bweni la mwisho, na walimu wa zamu wanasema kinaamsha watoto kuliko kengele.

"Wale wa fomu wani wakifika huwa wanadhani ako na shida ya kichwa," anasema Ndila, mpishi mwenzake wa miaka mingi, huku akimenya vitunguu. "Nawaambia, ngojeni kwanza muelezwe. Huyu mama alikuwa anasimama hapa kama posti ya stima. Sasa ukitaka kumwambia neno, lazima umkimbize."

Katunge ana miaka arobaini na sita. Amepika katika shule hii ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Machakos, tangu mwaka 1985. Wasichana ni zaidi ya mia nne, mshahara haufiki elfu tano kwa mwezi, na ukimuuliza kama angependa kazi nyingine anakutazama kana kwamba umemtukania mzazi.

"Hii jiko ni yangu," anasema. "Kuna madaktari wawili na pailoti mmoja huko nje, wote mifupa yao ilikomazwa na githeri yangu. Wakija kutembea hapa hawaendi ofisini kwanza. Wanakuja huku nyuma kuniuliza, Mum, imebaki kidogo?"

Lakini mwaka jana, wakati kama huu, jiko hilo lilikuwa linamponyoka. Sababu ilikuwa mguu.

Hasubiri kuulizwa. Anaketi kwenye benchi, anainua gauni, anashusha soksi ndefu, na kuifungua taratibu bandeji ya rangi ya kahawa inayoanzia vidoleni na kuishia chini ya goti. Juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani, kuna kovu pana kama kiganja. Ngozi yake ni nyembamba, inang'aa, na pembeni imeiva rangi kama chai ya rangi iliyozidi majani. Juu ya kovu, mishipa imejikunjakunja hadi gotini.

"Angalia vizuri, usiogope," anasema. "Zamani hata Kimeu, mume wangu, nilikuwa namficha. Siku hizi namuonyesha mtu yeyote. Wewe ungetaka nikuonyeshe mara mbili, ningekuonyesha."

Mishipa yenyewe haikuanza jana. Mama yake alikuwa nayo, na nyanya yake pia, yule aliyemlea kule Katangi. Katunge aliiona kwake mwenyewe alipokuwa na mimba ya Mutheu, kifunguamimba wake. Kila mimba iliyofuata ikaongeza mingine, na kila mwaka wa kusimama mbele ya moto ukaiongeza unene. Jioni miguu ilikuwa mizito kama imefungwa mawe. Aliona ni mambo ya kawaida, kwa kuwa hakuwahi kumwona mama mpishi ambaye miguu haikumuuma.

Halafu ikaja mvua ya El Nino, mwishoni mwa mwaka 1997. Kuni zote za shule zilikuwa zimelowa, na siku moja akipasua gogo, kibanzi kikamruka na kumchoma juu ya kifundo. Kidonda chenyewe hakikuzidi ukucha. Alikipaka mafuta, akafunga kitambaa, akaendelea na kazi.

Mvua ilikatika. Barabara zilizobomoka zikatengenezwa. Kidonda kikabaki.

"Nilikiwekea kila kitu," anasema, akihesabu kwa vidole. "Unga ya ile dawa ya chemist. Asali. Majani ya mwarobaini. Majivu. Mama mmoja kanisani akaniambia niweke sukari, nikaweka. Inakauka kidogo, unasema asante Mungu, wiki ijayo imefunguka tena, kubwa kuliko jana."

Watu nao hawakukosa la kusema. Jirani mmoja alimnong'oneza kwamba amekanyaga kitu alichotegewa na mtu anayeitamani kazi yake. Mwingine akamwambia akienda hospitali wataukata mguu, maana kidonda kisichopona dawa yake ni msumeno. Neno hilo la msumeno ndilo lililomkaa rohoni. Hakwenda kokote. Akanunua gauni refu la kuburuta chini, akaongeza marashi, na kanisani akahama kiti. Yeye aliyekuwa akitangulia mbele na akina mama wakicheza wakati wa kupeleka sadaka, sasa alikaa karibu na mlango ili awe wa kwanza kutoka.

Kitu kingine kilikufa kimyakimya. Mwanamke anayesuka viondo husokota uzi wa mkonge juu ya paja au muundi, gauni limepandishwa, kiganja kikienda mbele na nyuma. Katunge angeupandisha vipi mguu ule mbele ya watu? Akaacha kusokota, na alipoacha kusokota akaacha kusuka. Jioni aliketi nyumbani mikono mitupu, mguu ukimpwita. Kwa mwanamke aliyefundishwa kusuka kabla hajafundishwa kusoma, huo ulikuwa msiba, na anausema hivyo hivyo, kuwa ni msiba.

Siri ilidumu hadi Aprili mwaka 2002. Siku hiyo alikuwa akipakua maharagwe wakati maji ya kidonda yalipopenya kitambaa, yakapenya soksi, na kuacha alama sakafuni. Msichana mmoja akaona. Kufikia jioni habari ilikuwa ofisini.

Mwalimu mkuu, Bi. Mukai, alimwita na kufunga mlango. Katunge anakumbuka kwamba mwalimu mkuu hakumkaripia, na kwamba hilo ndilo lililomliza.

"Katunge, afisa wa afya akikupata na hicho kidonda kwa chakula ya watoto, anafunga jiko yote," Bi. Mukai alimwambia. "Muhula wa pili pumzika. Nenda utibiwe vizuri. Ukirudi Septemba ukiwa umepona, kazi ni yako. Usipopona, itabidi nimwajiri mwingine, na unajua sitaki."

"Na wakiukata, Madam?"

"Nani amesema watakata?"

Katunge alitoka hapo akiwa amelowa kwa machozi, na kesho yake akapiga moyo konde akaenda zahanati moja mjini, kwenye chumba cha kufungia vidonda. Huko alimkuta Sista Emily.

Emily ni muuguzi wa miaka thelathini na ushei, mzaliwa wa Ekalakala, mwembamba, mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Alikuwa ametoka Nairobi kwenye mafunzo ya vidonda vya miguu, na alipoona mishipa ile aliangalia mguu mzima kabla ya kuangalia kidonda. Akapapasa mapigo ya damu juu ya wayo. Akaridhika.

"Mwaitu, hakuna kukata hapa," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Hii ni shida ya mishipa kurudisha damu. Tutaifunga."

Alikiosha kidonda, akaweka shashi, kisha akachukua bandeji nene inayovutika, akaanza kuizungusha vidoleni akipanda juu, akiikaza kifundoni na kuilegeza kidogo kidogo hadi chini ya goti. Akamwambia asiifungue, arudi baada ya wiki moja. Katunge akaondoka akiwa na furaha ya mtu aliyesamehewa.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, na Katunge mwenyewe ndiye anayelisimulia kosa hili kwa raha kuliko mtu yeyote.

Siku ya tatu bandeji ililegea, ikateremka kifundoni kama soksi ya mtoto. Akaona aifunge mwenyewe. Na akilini mwake kulikuwa na namna moja tu ya kufunga mguu wenye ubaya ndani yake. Alipokuwa msichana, baba yake aliumwa na nyoka shambani kule Katangi, kifutu mnene wa kutisha, na nyanya akamfunga kamba chini ya goti, akaikaza kwa kijiti ili sumu isipande. Baba alipona. Hivyo ndivyo wanavyojua watu wa nyumbani kwao hadi leo, ubaya ukiingia mguuni, unaufungia njia juu.

"Nikasema, hii uchafu ya kidonda isije ikanipanda kwa moyo," anasema, na tayari mabega yanatikisika kwa kicheko. "Nikaikaza hapa chini ya goti, weee! Nikaikaza na meno. Huku chini nikaacha hewa ipite. Nikalala nikijiambia, Katunge wewe ni daktari."

Aliporudi zahanati, mguu ulikuwa kama kibuyu cha uji. Vidole vilikuwa havitofautiki. Kidonda kilikuwa kimepanuka, na Katunge alijua moyoni kwamba sasa msumeno umefika.

Emily alitazama ule mguu, akatazama fundo lililokazwa chini ya goti, akamtazama Katunge usoni.

"Mwaitu," aliuliza polepole, "ni nyoka gani huyo?"

Katunge alijaribu kujieleza. Alipofika kwenye kijiti cha nyanya, Emily alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa akijishika mbavu. Naye Katunge, aliyekuwa ameingia mle akilia, akajikuta anacheka mpaka mgonjwa wa chumba cha pili akachungulia.

"Hata mama yangu angefanya hivyo hivyo," Emily alisema akipangusa macho. "Na hata kwa nyoka siku hizi tunakataza. Kosa ni langu, nilikufunga nikasahau kukuambia kwa nini."

Akaukata ule ufundi wa nyanya, akauinua mguu juu ya mto, na wakati uvimbe ukipungua akafanya jambo ambalo Katunge anasema ndilo lililomponya kuliko dawa. Kwenye ndoana nyuma ya mlango palikuwa na kiondo cha Emily mwenyewe, alichosukiwa na mama yake. Akakitua mapajani mwa mgonjwa.

"Hii imeshikwa na nini?"

"Na mkonge. Ni nini ingine?"

"Basi na mshipa wako hivyo hivyo. Usidhani mshipa ni paipu ya plastiki. Ukuta wake umesukwa. Kuna chembe ndogo zilizo hai, na katikati yake kuna nyuzi za protini zinazozishika pamoja. Uzi mmoja unaitwa kolajeni. Huo ndio mkonge, kazi yake ni kushika usipasuke. Ingine inaitwa elastini. Hiyo ni kama mpira wa kiuno cha sketi, unavuta, ukiachilia unarudi."

Katunge akasikiliza. Ukimwambia mambo ya protini anafikiria maharagwe, alikiri, lakini mambo ya nyuzi hayamshindi.

"Sasa wewe umesimama kwa jiko miaka kumi na saba," Emily aliendelea. "Damu ya miguu inatakiwa kupanda, lakini ukisimama tu inakaa chini na kusukuma ukuta. Kila siku, kila siku. Ule mpira unachoka. Ukiweka mawe kwa kiondo kila siku, kinakuwaje?"

"Kinalegea tumbo. Hakirudi."

"Eeh. Na mwili ukiona hivyo unajaribu kurekebisha. Uko na vitu vyake vya kukata nyuzi zilizozeeka ili zisukwe zingine, tuseme ni mikasi. Lakini kwa mshipa kama huu mikasi inazidi. Elastini inakatwa, na kolajeni mpya inakuja ngumu, imewekwa ovyo. Mshipa unabaki mpana. Kuna vilango ndani vya kuzuia damu isirudi chini, sasa havikutani tena. Damu inarudi, maji yanavuja kwa nyama, ngozi inakosa chakula."

"Na kidonda?"

"Kidonda kikitaka kupona lazima kisuke mkeka mpya wa nyuzi hizo hizo, ngozi ipande juu yake. Chako kinasuka, mwaitu. Hakijawahi kuacha kusuka. Lakini mikasi inafumua."

Kwa karibu miaka mitano Katunge alikuwa ameamini kwamba nyama yake imekataa kupona, kwamba kuna mtu au pepo aliyeufunga mguu wake. Sasa aliambiwa kwamba mwili wake ulikuwa kazini muda wote ule, usiku na mchana, ukisuka kitu kinachofumuliwa.

"Kama mtoto mtundu anayefumua kiondo ya mamake," alisema mwishowe.

"Hivyo hivyo. Na bandeji ndiyo inamshika huyo mtoto mikono. Ikibana vizuri, maji yanapungua, mikasi inatulia, mkeka unashika. Sasa niambie, kiondo unaanzia wapi?"

"Chini. Kwa kitako."

"Na unakaza wapi?"

"Kitako ndiyo inakazwa sana. Ukipanda unaachilia."

"Basi funga mguu wako kama kiondo, usiufunge kama nyoka."

Tangu siku hiyo hakukosea tena. Emily alimpa na masharti mengine mawili. Akiketi, mguu uinuliwe juu. Asipoketi, atembee, kwa maana nyama ya shavu la mguu ikijikaza inakamua mishipa na kupandisha damu. Kusimama wima mahali pamoja kulipigwa marufuku kabisa.

Kutembea? Kutembea kwenda wapi, mtu asiye na kazi? Katunge alirudi nyumbani akiwaza hilo. Ndipo akamkumbuka nyanya yake, safari hii bila kijiti wala kamba. Nyanya alikuwa na mishipa iliyotokeza kuliko yake, lakini hakuwahi kuwa na kidonda hata siku moja. Na nyanya alisuka vipi? Alisuka akitembea, kama wanawake wote wa wakati wake, mzigo mgongoni, uzi mkononi, kutoka nyumbani hadi soko la Katangi na kurudi. Katunge alipomuuliza Emily kama hiyo ndiyo iliyomwokoa bibi yule, Emily alisema hawezi kuapa, lakini hangeshangaa.

Katunge akapandisha gauni mbele ya watoto wake, akasokota mkonge juu ya mguu mzima, akaanza kiondo kipya kwa kitako. Asubuhi iliyofuata alishika barabara.

"Watu walidhani nimerukwa," anasema. "Walikuwa wamezoea kuniona nikijikokota. Sasa wananiona napanda mlima nikisuka. Mama mmoja akaniuliza, Katunge, unaenda wapi? Nikamwambia, siendi mahali, napeleka damu juu!"

Mwezi Juni kidonda kilikuwa kama kikombe. Julai kikawa kama kifuniko cha chupa ya soda. Kimeu, anayefanya kazi ya bohari Athi River na kurudi nyumbani kila Jumamosi, akawa haingii ndani kabla ya kuuliza, "Leo ni saizi gani?" Agosti kilikuwa kama shilingi. Kisha kikazubaa.

Siku ya kufungua muhula wa tatu, Katunge alisimama mbele ya meza ya Bi. Mukai akiwa amevaa aproni iliyofuliwa na kupigwa pasi. Nyuma ya dirisha Ndila alikuwa akimkonyeza na kutikisa kichwa juu na chini kwa nguvu, maana yake, sema ndiyo, sema kimepona, nani atafungua bandeji?

"Kimepona?" Bi. Mukai aliuliza.

Neno lilikuwa ulimini. Angelisema tu angekuwa jikoni dakika ile. Lakini aliwaza wale wasichana na bakuli zao, akashindwa.

"Bado, Madam. Imebaki kama punje ya mahindi."

Bi. Mukai alitazama nje, upande wa jikoni. Muhula mzima uliopita mwiko wa Katunge ulikuwa mikononi mwa Henry, kijana mwema wa shambani kwa shule, mwenye bidii na heshima. Lakini muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ungeweza kujengea nyumba, na wasichana walikuwa wamekwisha kuleta malalamiko mara kadhaa.

"Henry ataendelea wiki mbili," alisema mwalimu mkuu. "Zikiisha, Katunge, sitakuwa na la kufanya."

Katunge alirudi nyumbani kwa miguu akilia na kusuka, kusuka na kulia. Mistari ya siku ile ilijipinda, na hajaifumua. Inaonekana hadi leo, karibu na tumbo la kiondo, na anapenda kukuonyesha kwa kidole.

Wiki mbili zile alitembea kama aliyetumwa. Aliinua mguu, alizungusha bandeji kutoka vidoleni, aliomba Mungu. Siku mbili kabla hazijaisha, Emily alifungua shashi kwenye chumba kile kile. Akawasha taa. Akainama.

"Sista, nini? Niambie."

Emily akapitisha kidole juu ya ngozi. Kilitoka kikavu.

"Mwaitu," alisema, "mtoto amechoka kufumua."

Kilichofuata kinasimuliwa kwa namna mbili. Emily anasema Katunge ndiye aliyepiga kigelegele kwanza. Katunge anasema ni Emily, na kwamba alipiga akiwa bado amevaa glavu. Wote wawili wanakubaliana kwamba walicheza wakishikana mikono katikati ya mabeseni, na kwamba mgonjwa wa chumba cha pili alichungulia tena.

Kutoka hapo Katunge hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja shuleni, kwa miguu, akafika wasichana wakiwa kwenye foleni ya chakula cha mchana. Wa kwanza kumwona alidondosha bakuli. Foleni yote ikageuka, na bwalo likalipuka kwa vifijo hadi walimu wakatoka madarasani wakidhani kuna moto. Henry alimkabidhi mwiko kwa mikono miwili, uso ukimeremeta kwa kushukuru, akakimbilia ng'ombe wake. Bi. Mukai alikuja, akauona mguu, akavua miwani na kuipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Emily hakumdanganya. Ngozi imefunga, alimwambia, lakini ukuta wa mshipa hautarudi kuwa wa msichana. Mpira uliokatika umekatika. Bandeji au soksi ya kubana ni ya maisha, na kusimama kutwa ndiyo basi. Ndiyo sababu fundi wa shule alitengeneza benchi refu jikoni na kibao cha kuinulia miguu, na Ndila naye, aliyecheka sana mwanzoni, siku hizi halikosi. Ndiyo sababu ya raundi, na ya kiondo kwapani.

Sasa mwenye zamu ni Mutheu. Msichana huyo ana miaka ishirini na minne na anapiga pasi suruali za jinzi katika kiwanda kimoja Athi River, akiwa amesimama tangu asubuhi. Mwezi Machi alirudi nyumbani, na mama yake akaona, nyuma ya goti, uzi mmoja wa buluu.

"Nilishtuka, lakini sikulia," anasema Katunge. "Mimi nilijua nikiwa nimechelewa. Yeye anajua mapema."

Tangu hapo kila Jumamosi Mutheu anakabidhiwa mkonge na kupelekwa barabarani. Viatu vyake vya mjini vinaachwa mlangoni.

"Mum, wasee wa job wakiniona nikisuka nikitembea watanicheka mpaka Monday," alilalamika siku ya kwanza.

"Wacha wacheke. Wakimaliza, waambie na wao watembee."

Mutheu anasimulia hayo kwa simu ya dukani huku akicheka kicheko cha mama yake. Kazini, anasema, amewafundisha wenzake kuinuka kwa vidole vya miguu na kushuka, kila suruali ikibadilishwa. Msimamizi alidhani ni mgomo.

Desemba hii Mutheu anaolewa na Antony, dereva wa lori kutoka Konza. Gari la maharusi limekwisha kupatikana, na Kimeu amesisitiza kwamba mama wa bi harusi atakaa kiti cha mbele. Mama wa bi harusi amekataa katakata. Kutoka nyumbani hadi kanisani ni mwendo wa saa nzima kwa mguu, na yeye atatangulia na akina mama, kwa mguu.

Gauni limeshonwa. Fundi alimuuliza mara mbili kama hakukosea kipimo, kwa kuwa lile la mwisho alilomshonea lilikuwa la kuburuta chini, na hili linaishia magotini. Katunge alimwambia akate.

Raundi imekwisha, uji umeiva, kengele inalia. Katunge anakitua kiondo mezani. Ni kile kile alichokianza kwa kitako mwaka jana, chenye mistari iliyojipinda tumboni. Ameshasuka vingine vitatu na kuvigawa, lakini hiki amekuwa akikipunguzia mwendo, mstari mmoja leo, nusu kesho. Kimebaki mdomo tu.

"Nimekipimia barabara," anasema, akichukua mwiko. "Siku ya harusi nitatoka nyumbani nikisuka, huyu mtoto akinifuata nyuma. Nikifika kwa mlango ya kanisa, nafunga mdomo, nampatia."

Kisha anapiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, na wasichana mia nne wanaanza kuja.